"Sikukusudia": neno moja lenye majibu matatu

Shtaka limesomwa na karani ameketi. Jaji anamtazama mshtakiwa aliyesimama kizimbani na kumuuliza kama ni kweli au si kweli. Mtu yule, mkulima wa miaka thelathini na kitu, anasafisha koo. "Mheshimiwa Jaji, ni kweli nilimpiga, lakini sikukusudia kumuua."

Mkulima huyu ni wa mfano tu, lakini jibu lake si la kubuni. Ni jibu linalotolewa na watu wengi wanaosomewa shtaka la mauaji, na anayelisikia kwa haraka huona limejitosheleza. Ukilifungua, hata hivyo, utakuta limebeba mambo matatu ambayo Kiswahili chetu cha kila siku huyafunga katika kifurushi kimoja. Huenda anasema mkono wake ulikwenda wenyewe, hata kupiga hakutaka. Huenda anasema alitaka kupiga, ila hakujua kwamba pigo lile lingeweza kuua. Au huenda anasema alijua fika kwamba linaweza kuua, lakini moyoni hakutaka mwenzake afe. Kwa mkewe na ndugu zake walioketi kwenye mabenchi ya nyuma, yote matatu ni "hakukusudia." Kwa sheria, la kwanza linaweza kumwachia huru, la pili linaweza kumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na la tatu linaweza kumpeleka kwenye kitanzi.

Nataka tulifungue kifurushi hicho taratibu, kwa sababu watu wanapoteza miaka ya maisha yao, na familia za marehemu zinatoka mahakamani na uchungu zaidi ya ule walioingia nao, bila mtu yeyote kuwaeleza sheria iliuliza nini hasa.

Tuanze na neno lenyewe. Wazee wetu walituachia msamiati mpana katika jambo hili: nia, kusudi, dhamira, hiari, utashi. Mengi ya maneno hayo yamepitia Kiarabu, na kwa watu wa pwani hayakuanzia mahakamani, yalianzia kwenye mkeka wa sala. Muumini hasali bila kunuia. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, anayefunga Ramadhani hutakiwa anuie usiku, kabla ya alfajiri. Sasa mwangalie mfungaji saa nane mchana, jua limewaka, midomo imekauka. Akisahau akanywa maji, kisha akakumbuka glasi ikiwa bado mkononi, anaitua na kuendelea na saumu yake, haijaharibika. Jirani yake akinywa maji yale yale huku akijua kwamba amefunga, saumu imevunjika.

Hapo kuna funzo la kwanza, nalo ni kwamba kujua kunabadilisha kitendo. Lakini lipo la pili ambalo watu wengi hulipita. Yule mfungaji wa saa nane anatamani maji kuliko kitu kingine chochote duniani, na hata hivyo nia yake ni kufunga. Matamanio yake yako upande mmoja, nia yake iko upande mwingine. Kunuia ni kuamua, na mtu huweza kuamua jambo asilolitamani. Shika hilo, maana ndilo litakalotufungulia lile jibu la tatu la mkulima wetu.

Sheria ya jinai tunayoitumia Tanzania bara, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1930, ikachukua nafasi ya sheria ya jinai iliyoletwa na Waingereza kutoka India. Kenya nayo ilipata yake mwaka huo huo, kwa maneno yanayofanana kwa kiasi kikubwa. (Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, kwa hiyo ninayoyasema hapa kuhusu vifungu ni ya bara.) Kuua kinyume cha sheria kukiwa na "nia ovu" ni mauaji. Kuua kinyume cha sheria bila nia hiyo ni kuua bila kukusudia. Tofauti nzima imekaa ndani ya maneno hayo mawili, nia ovu, na kifungu cha 200 ndicho kinachoyafafanua.

Kifungu hicho kinaonyesha njia nne za kuithibitisha. Ya kwanza haina utata: mtu alikusudia kuua, au alikusudia kumdhuru mtu vibaya sana. Angalia vizuri sehemu hiyo ya pili. Aliyekusudia kumvunja mwenzake miguu yote miwili, mwenzake akafa, hawezi kujitetea kwamba kifo hakikuwa katika hesabu zake. Na si lazima aliyekufa awe ndiye aliyelengwa. Ukimrushia mkuki Juma ukampata Hamisi aliyekuwa anapita, nia yako imemfuata Hamisi.

Njia ya tatu na ya nne nitazipita kwa haraka: mtu aliyeua akiwa na nia ya kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka mitatu, na mtu aliyeua akikusudia kumsaidia mhalifu kukimbia au kutoroka mikononi mwa dola.

Ya pili ndiyo inayowanasa wengi. Inasema nia ovu ipo pale mtu alipojua kwamba kitendo chake kuna uwezekano mkubwa kitamuua mtu au kumdhuru vibaya, hata kama hakujali kitokee au kisitokee, na hata kama alitamani kisitokee.

Rudia maneno hayo ya mwisho. Hata kama alitamani kisitokee.

Tuchukue mtu anayemdai jirani yake fedha. Amezungushwa miezi sita. Usiku mmoja anabeba kidumu cha petroli, anakwenda nyumbani kwa mdeni, nyumba ya makuti. Anajua mle ndani amelala mama mzee, kwa sababu jioni alimwona akiingia na kibatari. Anamwaga petroli kwenye ukuta wa nyuma, anawasha kiberiti, na anaondoka akiomba, tena anaomba kwa dhati, kwamba bibi yule aamke awahi kutoka. Bibi hatoki. Mtu huyu akisimama kizimbani akasema "sikukusudia afe," anasema kweli. Ukimpima moyo utakuta hakutaka. Lakini alijua, na akijua hivyo aliwasha kiberiti. Sheria haimuulizi alitamani nini alipokuwa akitembea kurudi kwake. Inamuuliza alijua nini alipokuwa ameshika njiti, na kwa kujua huko aliamua nini.

Ndiyo maana maneno "kwa kujua" na "kwa makusudi" hutembea pamoja katika hati za mashtaka lakini si neno moja. Kukusudia kunaelekea kwenye jambo: nalitaka, nalifuata. Kujua ni kuona jambo liko mbele ya miguu yako. Mtu anaweza kujua bila kukusudia, kama yule mwenye kiberiti. Na sheria yetu, kwa kosa hili la mauaji, imesema kwamba kujua kwa kiwango hicho kunatosha.

Nina ugomvi kidogo na jina lenyewe, nia ovu. Linapotosha kwa pande mbili. Neno "ovu" linawafanya watu watafute chuki, wakati hakuna ulazima wa chuki. Mtu anayemnywesha sumu baba yake mgonjwa kwa kumwonea huruma, ili apumzike na maumivu, hana chuki hata chembe, na bado nia inayozungumzwa na kifungu cha 200 anayo yote. Upande wa pili, jina la nia hiyo katika Kiingereza, "malice aforethought", lina neno linaloashiria kufikiri kabla, na hapo watu huamini kwamba lazima kuwe na mpango: mikutano ya usiku, panga lililonolewa, siku iliyochaguliwa. Haihitajiki. Nia inaweza kuzaliwa katika muda wa kuinua mkono. Hapa ndugu zetu wa Kongo wana utaratibu tofauti, uliotoka kwa Wabelgiji: sheria yao ya adhabu inamtenganisha aliyeua kwa kukusudia na aliyeua kwa kukusudia baada ya kupanga, na hayo ni makosa mawili yenye majina mawili. Mtu wa Bukavu akimsikiliza mtu wa Kigoma wakijadili kesi, wanaweza kubishana saa nzima bila kutambua kwamba kila mmoja anazungumzia ramani yake.

Kuna kitu kingine ambacho hakina budi kutengwa na nia, nacho ni sababu. Kwa nini ulifanya? Njaa, wivu, deni, mapenzi, imani kwamba shangazi ndiye aliyemloga mtoto. Kanuni ya Adhabu inasema wazi kwamba sababu iliyomsukuma mtu, kwa kawaida, haihusiki katika kuamua kama ana hatia. Aliyeiba gunia la mchele kwa ajili ya watoto waliolala na njaa siku mbili ameiba kwa makusudi. Watoto wake watatajwa, na inafaa watajwe, lakini mahali pao ni baadaye, wakati wa kuomba kupunguziwa adhabu. Nimeona watu wakilia kwa uchungu kwamba "mahakama haikusikiliza kwa nini nilifanya." Ilisikia, ila swali hilo halikuwa na nafasi katika hatua ile.

Turudi kwenye jibu la kwanza la mkulima, lile la mkono uliokwenda wenyewe. Sheria inasema mtu hawajibiki kwa kitendo kilichotokea nje ya utashi wake, wala kwa tukio lililotokea kwa ajali. Watu wawili wanalima safu moja. Mmoja anainua jembe, jembe linachomoka kwenye mpini, linamwangukia mwenzake utosini. Ajali haina kinga, tunasema, na sheria inakubali. Lakini sheria yenyewe imeweka mlango wa uzembe pembeni mwa kanuni hiyo. Kama jana jioni mwenzake alimwambia, "Bwana, jembe lako hilo limelegea, ligongee kabari," naye akacheka akaliacha, basi hatuko tena kwenye ajali tupu. Ujuzi mdogo umeingia, na pamoja nao wajibu. Haifiki kwenye mauaji, kwa sababu kujua kwamba jembe limelegea siyo kujua kwamba mtu atakufa. Lakini kuua kwa uzembe mkubwa kuna nafasi yake chini ya kuua bila kukusudia.

Sasa, jaji anajuaje? Hakuna kipimo cha maabara kinachosoma nia. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipokaa Mbeya kusikiliza rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, ilisema jambo ambalo mawakili wamelinukuu tangu siku hiyo: anayemshambulia mwenzake kwa kawaida hatangazi kwamba anakusudia kuua. Kwa hiyo nia itasomwa kwenye mambo yanayoonekana. Silaha ni ya aina gani na ukubwa gani. Nguvu iliyotumika. Pigo lilielekezwa sehemu gani ya mwili. Mapigo mangapi. Majeraha gani. Mshambuliaji alisema nini kabla, wakati na baada ya tukio. Na mwenendo wake kabla na baada: alimsubiri mtu njiani, alikimbia, alificha panga, au alikwenda mwenyewe kituoni?

Mambo hayo hayakuanzia Mbeya. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikisikiliza rufaa za makoloni yetu, ilikuwa imekwishasema yanayofanana nayo mwaka 1945, kwamba nia ya kuua husomeka kwa urahisi zaidi pale ulipotumika mkuki au kisu kuliko ilipotumika fimbo. Na karne nyingi kabla ya hapo, mafakihi wa Kishafi walikuwa wamekwishaligawa jambo hilo hilo: kuua kwa kusudi, kuua kunakofanana na kusudi, na kuua kwa kosa. Kusudi kwao ni kumwelekea mtu kwa chombo ambacho kwa kawaida huua. Aliyempiga mwenzake kwa bakora ndogo, isiyoua kwa kawaida, akafa, yumo katika lile kundi la kati. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilishangaa. Kadhi na jaji, kila mmoja na kitabu chake, wamekutana wakiangalia chombo kilichokuwa mkononi.

Kwa hiyo usishangae kuona nusu siku ya kesi ikipotelea kwa daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti. Wakili wa Serikali anapouliza jeraha lilikuwa na kina cha sentimita ngapi, hatafuti kuwatisha wasikilizaji. Anasoma nia. Na mzigo wa kuisoma ni wa upande wa mashtaka kuanzia mwanzo hadi mwisho, pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hakukusudia.

Njia hiyo hiyo ndiyo inayotumika hata kwa wakubwa. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, una ibara ya 30 inayodai vitu viwili kwa pamoja, nia na ujuzi. Unaeleza kwamba kujua ni kutambua kuwa hali fulani ipo, au kwamba matokeo fulani yatatokea kadiri mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Mwaka 2012 mahakama hiyo ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la waasi la Ituri, mashariki mwa Kongo, kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Miongoni mwa ushahidi ulioonyeshwa ilikuwa video ya Februari 2003, Lubanga akiwa kambi ya mafunzo ya Rwampara, akizungumza na makuruta. Mbele yake wamesimama watoto ambao umri wao hauhitaji cheti cha kuzaliwa. Unaona tu. Yeye naye aliwaona, alisimama mbele yao. Mtu aliyezungumza na watoto uso kwa uso hawezi kudai hakujua kwamba jeshi lake lina watoto.

Lakini kujua hakuishii kwenye kuona kwa macho, na hapa nataka kushuka kutoka The Hague hadi mtaani, kwa sababu suala hili linawagusa watu ambao hawajawahi kuinua mkono juu ya mtu. Kijana anakufuata Kariakoo, anatoa simu mfukoni, bado ina picha ya familia ya watu wengine kwenye kioo. Haina boksi, haina chaja, haina risiti. Bei anayoitaja ni robo ya bei ya dukani, na ukisita anaishusha tena huku akigeuka geuka kutazama nyuma. Unanunua, na moyoni unajiambia: mimi simuulizi ameitoa wapi, nisichokijua hakinihusu. Kinakuhusu. Kosa la kupokea mali ya wizi halimnasi tu aliyejua, linamnasa pia aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi. Sheria inakataa ule ujanja wa kufumba macho kisha kusema kulikuwa na giza.

Kutojua kwa kweli ni jambo tofauti na huko kufumba macho, na kuna nyakati kunaokoa. Umechunga mbuzi wako na wa jirani malisho mamoja, jioni ukamfunga bandani kwako mbuzi mweusi ukiamini kabisa ni wako. Kesho jirani anapiga kelele za wizi. Kama uliamini kwa uaminifu kwamba una haki juu ya mbuzi yule, hukuwa na nia ya kuiba, na bila nia ya kuiba hakuna wizi. Hapo kilichokosekana ni ujuzi wa jambo. Kutojua sheria ni habari nyingine. Trafiki amesimama na tochi yake chini ya mwembe, amekupiga picha ukiwa na 68 kwenye eneo la makazi. "Afande, sikujua kama hapa ni hamsini." Hata kama ni kweli, haikusaidii, kwanza kwa sababu kutojua sheria hakumwondolei mtu kosa, na pili kwa sababu makosa ya aina hii hayaulizi nia kabisa. Ulizidisha mwendo, basi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo moja linaloniumiza, na sioni likielezwa vya kutosha. Ni ile sentensi ya habari tuliyoizoea: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Tunaisoma kama tunavyosoma habari za mvua. Hakuna mtenda ndani yake, kuna hasira tu, kana kwamba hasira ndiyo iliyookota mawe.

Ebu tuingie ndani ya duara lile. Mtu amepiga ukunga wa "mwizi!" Kijana amekimbizwa, ameanguka kwenye mtaro. Mmoja anampiga teke. Mwingine anaokota tofali zima, siyo kipande, analibeba kwa mikono miwili. Wa tatu anakimbia kwenye kibanda cha mafundi baiskeli na kurudi na tairi. Wa nne ana pikipiki, anafungua tangi. Ukiwakamata wote wanne kesho yake watakwambia neno lile lile: hatukukusudia, ilikuwa hasira. Na kila mmoja atasema pigo lake peke yake lisingemuua. Huenda ni kweli. Lakini kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinasema watu wawili au zaidi wakiwa na kusudio la pamoja la kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitenda likatokea kosa ambalo ni tokeo linalotarajiwa la jambo lile, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Hawahitaji kuwa wamekaa kikao. Aliyekwenda kuchukua tairi hakuwa na shughuli nyingine ya tairi saa ile. Alijua.

Aliyesimama pembeni tu, hakugusa, hakuchochea, hawi mshiriki kwa kuwepo kwake peke yake, na ni haki iwe hivyo. Lakini aliyepaza sauti "mchomeni!" hayuko pembeni tena.

Na hasira? Sheria inaitambua, kwa kipimo. Aliyeua kutokana na kukasirishwa ghafla, kwa tendo au tusi ambalo lingemfanya mtu wa kawaida wa jamii yake ashindwe kujizuia, na akaua kabla hasira yake haijapata muda wa kupoa, kosa lake hushuka kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia. Maneno makubwa hapo ni mawili: ghafla, na kupoa. Aliyetukanwa kilabuni, akatembea dakika ishirini hadi nyumbani, akachagua panga kati ya mapanga mawili, akarudi, huyo amepata muda. Pombe nayo haimwondolei mtu hatia kwa sababu tu alilewa, ingawa mahakama itaupima ulevi wake inapoamua kama alikuwa na uwezo wa kujenga nia. Aliyekunywa chupa mbili ili apate ujasiri wa kwenda kuua hakupoteza nia, aliisindikiza.

Kwa nini nimekaa kwenye nyuzi hizi nyembamba kiasi hiki? Kwa sababu ya kilichopo mwishoni mwake. Tanzania bara, aliyetiwa hatiani kwa mauaji, isipokuwa mwanamke mjamzito na aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18, huhukumiwa kunyongwa, na jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua. Hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini hukumu zinaendelea kutolewa, na watu wanazeeka wakiwa chini ya hukumu hiyo. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa Arusha, ilisema adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Kenya ilikuwa imekwishatangulia: Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima huo, jaji akapewa nafasi ya kupima mtu na mazingira yake. Kwa kuua bila kukusudia, jaji wa Tanzania anaweza kutoa kifungo cha maisha, na anaweza pia kutoa miaka michache sana. Katikati ya kitanzi na miaka hiyo michache kuna neno moja la mkulima.

Na neno hilo kwa miaka mingi lilikuwa likipita kwenye tafsiri. Mshtakiwa alisema "sikukusudia" kwa Kiswahili, jaji akaandika kwa Kiingereza. Ilibidi achague moja ya zile maana tatu, hata kama hakutambua kwamba anachagua, na rufaa ikisikilizwa miaka mitano baadaye, majaji walisoma kilichochaguliwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, Kiingereza kikibaki kwa pale haki inapokihitaji. Nililifurahia badiliko hilo na bado nalifurahia. Lakini limeleta kazi mpya: neno sasa linaweza kuandikwa lilivyotamkwa, likiwa bado limefungwa. Asiyelifungua kwa maswali atakuwa ameandika sauti tu.

Mkulima wetu bado yuko kizimbani. Wakili wake, aliyepangiwa kwa gharama za Serikali kama ilivyo kwa wote wanaoshtakiwa kwa mauaji wasio na uwezo, anaomba muda wa kuzungumza na mteja wake. Jaji anakubali. Wanakaa kwenye benchi nje ya ukumbi, askari magereza hatua tatu kando.

"Ulimpiga na nini, ndugu yangu?"

"Mpini wa jembe."

"Uliufuata nyumbani, au ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao, wakili. Tulikuwa shambani."

"Ulimpiga wapi?"

"Nililenga begani. Akainama, ukampata hapa." Anagusa nyuma ya sikio.

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Alipoanguka?"

"Nikaita watu. Nikamweka kwenye baiskeli, tukamkimbiza zahanati, wakasema hatupokelewi bila fomu ya polisi, PF3. Nikaenda mwenyewe polisi kuichukua."

Wakili anaandika. Anapiga mstari chini ya neno "mwenyewe." Kisha anageuza ukurasa na kumuuliza swali ambalo halimo kwenye maelezo aliyoandikwa kituoni.

"Ulipoinua ule mpini, ulijua nini?"